Saa kumi na mbili asubuhi siyo las doce: kuwapa wageni ratiba kwa Kihispania

Kaka mmoja wa Arusha ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva na naongoza watalii, mwaka wa tatu sasa. Kihispania nimejifunza kwa simu, wanyama nawataja karibu wote na stori napiga. Shida inakuja jioni nikitakiwa kuwaambia wageni ratiba ya kesho. Tunaamka saa ngapi, tunaondoka saa ngapi, ndege ya Zanzibar ni siku gani, mara programu imebadilika. Juzi nimemaliza kuongea nikaona wanaangaliana tu. Naomba maneno ya kusema mambo yaliyopangwa. Je, lazima nijue wakati ujao wote? Na tukichelewa nasemaje?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza kitu ambacho mimi mwenyewe kilinigharimu siku nzima ya wageni, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo, vumilia.

Tuanze na hapo walipoangaliana. Mimi nadhani sarufi yako ilikuwa nzuri tu, tatizo lilikuwa saa. Enzi naanza kazi nilikuwa na familia ya watu sita kutoka Zaragoza, tumelala Karatu, kesho yake tunashuka Ngorongoro. Mezani nikawaambia kwa kujiamini kabisa "salimos a las doce y media". Kichwani mwangu ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, si unaona, kumi na mbili ni doce, na nusu ni y media, nimetafsiri neno kwa neno. Sentensi ile haina kosa hata moja ndo maana hakuna aliyenisahihisha, wakafurahi, wakaagiza chupa nyingine ya waini. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu gari linaunguruma, lanchi boksi sita ziko kwenye siti, hamna mtu. Nimegonga mlango mama wa watu kafungua na taulo kichwani ananiuliza "¿pero no era a las doce y media?". Kwake yeye doce y media ni saa sita na nusu mchana. Tumeingia kreta karibu saa nne, na mtoto wao mdogo alikuwa amesubiri simba tangu Uhispania.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, kabla hata ya msamiati, saa ya Kiswahili na saa ya Kihispania zimepishana saa sita. Saa moja ni las siete, saa mbili ni las ocho, saa tatu las nueve, unaenda hivo hadi saa sita ambayo ni las doce, halafu saa saba ni la una, saa nane las dos, saa kumi na mbili las seis. Sasa usianze kufanya hesabu ya kujumlisha na kutoa mbele ya mgeni, utachelewa na utakosea. Angalia saa ya mkononi ile ya mishale. Sisi tunaangalia mshale mfupi halafu tunataja namba iliyo upande wa pili. Mhispania anataja namba ile ile mshale ulipo, basi. Ukiwa na saa ya namba tupu ni rahisi zaidi, imeandika 6:30 wewe sema seis y media, usiipitishe kwenye Kiswahili hata kidogo. Mimi mpaka leo ratiba ya kesho naiandika kwenye kikaratasi kwa namba, 5:45, 6:15, 13:00, halafu nasoma namba, sisomi mawazo yangu.

Dakika hazibadiliki, zenyewe ziko vile vile. Na hapa Kihispania kimekaa kama chetu, wana robo (y cuarto), wana nusu (y media), na wana kasorobo kabisa, menos cuarto. Saa moja kasorobo asubuhi ni "las siete menos cuarto", saa moja kasoro dakika kumi ni "las siete menos diez". Wageni wa Mexico na nchi nyingi za Amerika ya Kusini wao wanasema "un cuarto para las siete", robo imebaki kufika saba, ukiisikia usishtuke ni kitu kile kile. Kumbuka tu saa saba yetu ni ya umoja, "a la una", zingine zote "a las". Na ukitaka kusisitiza kwamba saa hiyo hiyo haisogei, ongeza "en punto".

Asubuhi, mchana na jioni ukishataja saa unatumia "de": las seis de la mañana, las dos de la tarde, las nueve de la noche. Usipotaja saa inakuwa "por": salimos por la mañana, descansamos por la tarde. Watu wengi wanachanganya hapa ila utaeleweka tu, usipoteze usingizi. Zile saa za alfajiri, saa kumi, saa kumi na moja, utasikia "de la madrugada", na ukiwa na wageni wanaopanda puto la angani kule Serengeti hilo neno utalihitaji sana maana wanachukuliwa gizani kabisa: "nos recogen a las cinco menos cuarto de la madrugada". Halafu Mhispania anaweza kukwambia las ocho de la tarde, kwetu hiyo ni saa mbili usiku na nje giza totoro, wao kwao kiangazi jua bado linawaka muda huo. Mtu wa Kolombia atasema las ocho de la noche. Saa ni ile ile.

Kuna kitu kimoja kizuri kuhusu Argentina. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa sita kamili, kwa hiyo mgeni wa Buenos Aires ambaye hajabadilisha saa yake ya mkononi, ukisema saa tatu asubuhi yeye saa yake inaonyesha 3:00. Yaani saa yake ya nyumbani inasoma Kiswahili! Nimeshaitumia hiyo kufundisha wageni wakaelewa mara moja kwa nini dereva akiongea na mpishi wanasikia namba za ajabu.

Sasa tuje kwenye sentensi zenyewe. Umeuliza kama lazima ujue wakati ujao. Hapana mdogo wangu, na hii ndo habari njema ya barua hii nzima. Kwa mambo ya ratiba Kihispania kinatumia wakati uliopo, sawasawa na sisi tunavyosema "kesho tunaondoka saa mbili". Hatusemi lazima tutaondoka. Basi nao "mañana salimos a las ocho", "el vuelo sale el viernes", "la cena empieza a las siete y media". Vitenzi vinavyokutosha ni vichache mno: desayunamos (tunakunywa chai), salimos (tunaondoka), llegamos (tunafika), paramos (tunasimama), comemos (tunakula), volvemos (tunarudi), descansamos. Vyote nimekuwekea kwa "sisi" na nina sababu. Neno "ninyi", Wahispania wakiongea na kundi la watu wanaowazoea wanasema vosotros, Walatini (yaani wa Mexico na Amerika ya Kusini) wote wanasema ustedes, na kila upande vitenzi vina mwisho wake, ukianza kuchagua katikati ya meza yenye watu mchanganyiko ulimi unagoma. Ukisema sisi umetoka hapo kabisa, na tena ni kweli, wewe si ndo unaondoka nao? Inaleta na ukaribu.

Ukishakuwa na hivyo, yanabaki maneno mawili ambayo ndo yanabeba ratiba yote, "hay" na "es". Hay ni ile "kuna" yetu kabisa. Kesho kuna gemu draivu, "mañana hay safari". Ijumaa hakuna ndege, "el viernes no hay vuelo". Unatangaza kwamba kitu kipo kwenye programu. Ukishakitangaza, maelezo yake yote, siku, saa, na mahali, yanakuja na es: la cena es a las siete y media, el vuelo es el viernes, la charla es en el bar.

Hapo kwenye mahali pana mtego ambao Waswahili wote nimeona tunaanguka, kwa sababu Kiswahili chetu kinasema "mkutano uko ukumbini", "chakula cha jioni kiko nje leo", kwa hiyo tukishajifunza kwamba "iko" ni está tunasema "la cena está en la terraza". Mgeni akisikia hivo anaelewa kwamba sahani za chakula ziko pale nje saa hizi zimewekwa mezani, aende akachukue. Kitu chenye umbo, gari, begi, hema, simba, kinatumia está: el coche está en la puerta. Tukio linalofanyika mahali fulani linatumia es: la cena es en la terraza. Jiulize swali dogo, naweza kukigusa kwa mikono? Gari naweza kuligusa, está. Kikao siwezi kukigusa, es. Hiyo imewasaidia wanafunzi wangu kuliko maelezo ya kitabu chochote.

Na wageni wakiuliza, sikiliza kile ka-"a" kadogo mwanzoni. "¿Qué hora es?" anauliza saa hizi ni saa ngapi. "¿A qué hora es?" anauliza jambo fulani ni saa ngapi. Na "tiempo" usilitumie kuulizia saa, hilo wanalitumia kwa hali ya hewa pia, ukisikia "depende del tiempo" kuhusu puto jua wanaongelea upepo na mvua.

Siku za wiki. Hapa tusijidanganye na majina yetu maana sisi tunahesabu kuanzia Jumamosi, Jumatatu ina tatu ndani yake wakati kwenye kalenda yao ndo ya kwanza. Zikariri bila kuzipitisha kwenye namba: lunes, martes, miércoles, jueves, viernes, sábado, domingo. Martes na miércoles ndo zinachanganya, zote zinaanza na M, na hata wenyewe kwenye kalenda za Uhispania Jumatano wanaiandikia X ili isigongane na Jumanne, ukiona L M X J V S D kwenye karatasi ya mgeni usidhani ni makosa ya chapa. Kusema "siku ya Ijumaa" huhitaji neno la ziada, ni "el viernes" tu, usiweke "en". Kila Ijumaa ni "los viernes". Ijumaa ijayo, "el viernes que viene".

Mañana ni kesho na ni asubuhi, vyote, kwa hiyo kesho asubuhi ni "mañana por la mañana", inachekesha mdomoni ila ndo hivo. Keshokutwa ni "pasado mañana". Na angalia hii: "quince días" kwao ni wiki mbili. Wanahesabu siku ya leo ndani yake, kama vile "ocho días" ni wiki moja. Mgeni akikwambia anarudi kwao "dentro de quince días" wewe usihesabu siku kumi na tano kwa vidole ukaandika tarehe ya gari la uwanja wa ndege, muulize tarehe. "¿Qué día exactamente?"

Ukipandisha watu mlima, kuna ule usiku wa kileleni unaoanza karibu na saa sita usiku, na hapo kila lugha watu wanagombana, ni usiku wa Alhamisi au wa Ijumaa? Kiswahili kina neno safi kabisa, usiku wa kuamkia Ijumaa. Kihispania wanalo la kwao na wanalitumia vile vile: "la noche del jueves al viernes", usiku wa kutoka Alhamisi kwenda Ijumaa. "Salimos hacia la cima la noche del jueves al viernes, a medianoche." Sijaona namna nyingine inayomaliza ubishi kama hiyo.

Chakula nitapita haraka ila usikipuuze. Chakula cha mchana kwa Mhispania wengi wanakiita "la comida", kwa Walatini wengi ni "el almuerzo", na huko Uhispania kuna sehemu almuerzo ni kitafunwa cha saa nne asubuhi, kwa hiyo ukiwa na Wahispania ukasema el almuerzo es a la una kuna atakayesubiri vitu viwili. Wewe sema "comemos a la una", umemaliza. Na waandae kisaikolojia kwamba cena ni saa moja na nusu usiku, maana kwao wanakula saa tatu, saa nne usiku, wengine watakwambia hawana njaa kabisa, siyo kwamba chakula kibaya.

Neno lingine la thamani ni "quedar". Kwa Mhispania "quedamos a las seis" maana yake tumekubaliana tukutane saa kumi na mbili. Ni neno la makubaliano, ndo maana mimi namalizia nalo maelezo yote ya jioni, nataja saa na mahali, "entonces quedamos a las seis y cuarto en la recepción, ¿de acuerdo?", halafu namwangalia kila mtu usoni mpaka atikise kichwa. Na kwenye "kupanda ndege" sema "tomar el avión". Wahispania wanasema coger bila shida yoyote, lakini kwa Mmexico au Muargentina neno hilo ni tusi la chumbani, utawaona wanabana midomo.

Sasa tuunganishe. Hii ni brifingi ya kreta kama ninavyoitoa mimi, isome kwa sauti mara kumi usiku huu:

"Bueno, mañana es martes y vamos al cráter. Desayunamos a las seis menos cuarto. Salimos a las seis y cuarto, en punto. Comemos sobre la una, junto al agua. A las cuatro empezamos a subir, porque hay que estar fuera antes de las seis. La cena es a las siete y media, en la terraza. Entonces quedamos a las seis y cuarto en la recepción, ¿de acuerdo?"

Yaani chai saa kumi na mbili kasorobo, kuondoka saa kumi na mbili na robo, lanchi kama saa saba (hiyo "sobre" ndo "kama saa", inakupa nafasi tembo wakifunga barabara), kupanda saa kumi, kuwa nje kabla ya saa kumi na mbili jioni, chakula saa moja na nusu. "Hay que" ni "inabidi", haina mtu ndani yake, kwa hiyo haisikiki kama unawaamrisha wageni, inasikika kama ni sheria ya hifadhi, na kweli ndivyo.

Ukitaka kuzoea haraka, usikae unarudia ratiba yako mwenyewe tu, waulize wageni za kwao pale kwenye moto. "¿Cuándo son las fiestas de tu pueblo?" Mhispania hana swali analolipenda kama hilo, kila kijiji kina sikukuu yake. Mtu wa Pamplona atakwambia San Fermín inaanza el 6 de julio a las doce del mediodía, na ng'ombe dume wanakimbizwa mitaani del 7 al 14, a las ocho de la mañana. Wa Valencia atakueleza mwezi wa tatu wao wanapiga baruti uwanjani kila siku a las dos de la tarde, kuanzia tarehe 1 mpaka 19. Wa Buñol watakutajia vita ya nyanya, el último miércoles de agosto. Unasikia siku, tarehe na saa mfululizo kutoka kwa mtu mwenye furaha, na wewe unabadilisha kichwani, saa mbili asubuhi, saa nane mchana. Hilo ni darasa la bure na wageni wanapenda kuulizwa.

Kama kuna simu ya kupangwa na wakala wa Uhispania, uliza "¿hora de España o hora de Tanzania?". Wao wako nyuma yetu saa mbili majira ya baridi na saa moja kiangazi, wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Las diez ya kwao Januari ni saa sita mchana kwetu, las diez ya Julai ni saa tano.

Mabadiliko sasa. Anza na "ha habido un cambio", kumetokea mabadiliko, halafu toa lile la zamani na jipya: "el vuelo no sale a las once, sale a la una". Sentensi ya hivyo inashinda maneno makubwa kwa sababu mgeni anasikia nyakati mbili zimepingana na hakuna pa kukosea. Yale makubwa utayasikia uwanjani: "se aplaza" imesogezwa mbele hadi siku nyingine, "se adelanta" imerudishwa mapema zaidi, "se cancela" imefutwa. Adelantar kuwa makini nalo, ukisikia "el vuelo se ha adelantado" usifurahi ukaagiza kahawa, maana yake ndege inaondoka kabla ya saa uliyoijua, kimbia.

Na la mwisho ulilouliza, mkichelewa. Ukichelewa wewe, "perdón por el retraso", fupi, usijieleze sana. Ndege ndogo ikichelewa Seronera na mko pale kwenye vumbi: "la avioneta viene con retraso, una media hora". Halafu kama kweli hujui ni muda gani usiwatajie namba ya kuwatuliza, maana mgeni akishasikia media hora ataanza kuangalia saa yake. Sema "todavía no tenemos hora", bado hatujapewa saa, "en cuanto sepa algo, les aviso", nikijua tu nawaambia. Halafu fungua lile friji dogo la gari uwape maji.